Kemia iliyo ndani ya mtungi wa maji Kibera na Kawangware

WAKAZI wengi wa mitaa ya Kibera na Kawangware jijini Nairobi hununua maji kwa mtungi wa lita 20, na swali la kwanza wanalomuuliza mchuuzi huwa ni bei. Swali la pili, iwapo lipo, huwa ni kama maji hayo ni safi. Ni nadra mtu kuuliza ni madini gani yaliyomumunyika ndani yake.

Hata hivyo, jibu la swali hilo la tatu linaweza kuamua rangi ya meno ambayo mtoto atakuwa nayo maisha yake yote. Na kwa mwanafunzi wa shule ya sekondari, swali lilo hilo huja kwa sura nyingine katika mtihani wa Kemia, pale anapotakiwa kuandika mlinganyo wa ayoni na kueleza kwa nini mmumunyo uliokuwa angavu umegeuka kuwa mweupe kama maziwa.

Mambo hayo mawili, afya ya mtoto na alama za mtihani, yanaunganishwa na mada moja: umumunyifu wa chumvi mbalimbali katika maji. Ni mada ambayo wanafunzi wengi huikariri kama kasuku ilhali mifano yake imejaa jikoni na katika vioski vya maji mtaani mwao.

Maji ya mfereji na maji ya kisima

Sehemu kubwa ya maji ya mfereji jijini Nairobi hutoka katika bwawa la Ndakaini lililoko Murang'a, ambalo ujenzi wake ulikamilika mwaka 1994. Maji hayo husafishwa katika kituo cha Ng'ethu kabla ya kusafirishwa hadi jijini. Ni maji ya mito inayoteremka kutoka milima ya Aberdare na, kwa kuwa hayakukaa muda mrefu ndani ya miamba, huwa na madini machache.

Tatizo ni kwamba maji hayo hayatoshi. Mifereji inapokauka, wakazi hutegemea visima virefu vilivyochimbwa kwa mitambo na watu binafsi, makanisa, shule na mashirika. Kati ya mwaka 2020 na 2022, Idara ya Huduma za Jiji la Nairobi (NMS) nayo ilichimba visima katika mitaa ya mabanda ili kupunguza uhaba huo.

Maji ya visima hivyo huchotwa kutoka kina cha makumi au hata mamia ya mita, katika miamba iliyotokana na volkeno. Maji hayo yamekaa humo kwa miaka mingi yakigusana na mawe, na kila yanapopita huchukua chembe za madini. Mojawapo ya madini hayo ni floraidi.

Utafiti wa watafiti Nair, Manji na Gitonga, uliochapishwa mwaka 1984, ulikagua sampuli zaidi ya 1,000 za maji ya chini ya ardhi kutoka sehemu mbalimbali za Kenya. Asilimia 61 ya sampuli hizo zilikuwa na floraidi iliyozidi miligramu 1 kwa lita, na karibu asilimia 20 zilizidi miligramu 5 kwa lita. Eneo la Nairobi ni miongoni mwa sehemu zenye visima vya aina hiyo.

Shirika la Afya Duniani (WHO) linapendekeza kiwango kisichozidi miligramu 1.5 kwa lita. Kiasi kidogo cha floraidi huimarisha meno, na ndiyo sababu huwekwa katika dawa nyingi za meno. Kikizidi, meno ya watoto ambayo bado yanaumbika chini ya ufizi hupata mabaka meupe, kisha ya kahawia, ambayo hayaondoki kwa kupigwa mswaki. Katika viwango vya miligramu 3 hadi 6 kwa lita, WHO inaonya kwamba madhara yanaweza kufika kwenye mifupa.

Hii haimaanishi kwamba kila kisima cha Kibera au Kawangware kina floraidi nyingi. Visima viwili vilivyo karibu vinaweza kutofautiana sana, kutegemea kina na aina ya mwamba. Wahenga walisema maji usiyoyafika hujui wingi wake. Kwa habari ya floraidi, maji usiyoyapima hujui kilichomo.

Chumvi inapomumunyika

Ili kuelewa kwa nini floraidi hubaki ndani ya maji ya visima, ni lazima kwanza kuelewa maana ya kumumunyika.

Watu wengi husema chumvi 'imeyeyuka' ndani ya maji. Katika lugha ya sayansi, samli iliyo kwenye kikaango cha moto huyeyuka, yaani hugeuka kutoka mango hadi kimiminika kwa sababu ya joto. Chumvi haikuhitaji moto. Imemumunyika: chembe zake zimeachana na kutawanyika katikati ya chembe za maji.

Chembe hizo huitwa ayoni. Chumvi ya mezani imeundwa na ayoni za sodiamu, zenye chaji chanya, na ayoni za kloraidi, zenye chaji hasi. Inapotiwa majini hutokea hivi:

NaCl(s) → Na⁺(aq) + Cl⁻(aq)

Alama (s) huonyesha kitu kilicho katika hali ya mango, na (aq) huonyesha kitu kilichomumunyika majini. Jambo la kuzingatia ni kwamba baada ya hapo hakuna tena 'chumvi' ndani ya sufuria. Kuna ayoni za aina mbili, kila moja ikienda njia yake. Ndiyo maana mtu hawezi kuichuja chumvi kwa kitambaa. Kilichomumunyika hupita pamoja na maji.

Si chumvi zote zinazokubali kuachana kwa urahisi namna hiyo. Katika baadhi yao, ayoni zimeshikamana kwa nguvu kiasi kwamba maji hayawezi kuzitenganisha isipokuwa chache sana. Wanafunzi hujifunza kanuni zinazotenganisha makundi hayo mawili, ambazo kwa ufupi ni hizi:

Chumvi zote za sodiamu, potasiamu na amoniamu humumunyika. Naitreti zote humumunyika. Kloraidi humumunyika, isipokuwa za fedha na risasi. Salfeti humumunyika, isipokuwa za bariamu na risasi, ilhali ya kalsiamu humumunyika kidogo tu. Kaboneti hazimumunyiki, isipokuwa za sodiamu, potasiamu na amoniamu. Haidroksaidi nazo nyingi hazimumunyiki, isipokuwa za sodiamu, potasiamu na amoniamu; ya kalsiamu humumunyika kidogo.

Katika orodha hiyo inafaa kuongezwa sentensi moja ambayo wakazi wa Bonde la Ufa na Nairobi wana sababu ya kuijua: floraidi ya sodiamu humumunyika, lakini floraidi ya kalsiamu ni vigumu mno kumumunyika.

Hatua nne za mlinganyo

Chukua mfano wa mmumunyo wa kloraidi ya kalsiamu unaochanganywa na mmumunyo wa floraidi ya sodiamu. Yote miwili ni angavu. Inapokutana, hutokea wingu jeupe ambalo baadaye hutua chini kama mashapo.

Hatua ya kwanza ni kuandika mlinganyo wa kawaida, wenye majina kamili ya chumvi, na kuusawazisha:

CaCl₂(aq) + 2NaF(aq) → CaF₂(s) + 2NaCl(aq)

Hatua ya pili ni kuzitenganisha ayoni za kila chumvi iliyomumunyika. Mashapo hayatenganishwi, kwa kuwa ayoni zake hazijaachana:

Ca²⁺(aq) + 2Cl⁻(aq) + 2Na⁺(aq) + 2F⁻(aq) → CaF₂(s) + 2Na⁺(aq) + 2Cl⁻(aq)

Hatua ya tatu ni kufuta zile ayoni zinazoonekana pande zote mbili bila kubadilika. Hizo huitwa ayoni watazamaji. Mashabiki waliozunguka uwanja huenda wakawa maelfu, lakini si wao wanaofunga bao, na matokeo ya mechi huandikwa bila majina yao. Hapa watazamaji ni sodiamu na kloraidi. Kinachobaki ndicho mlinganyo halisi wa ayoni:

Ca²⁺(aq) + 2F⁻(aq) → CaF₂(s)

Hatua ya nne ni kukagua. Idadi ya atomu ilingane pande zote mbili, na jumla ya chaji ilingane pia. Upande wa kushoto kuna chaji chanya mbili na chaji hasi mbili, jumla sufuri. Upande wa kulia mango haina chaji. Mlinganyo umesimama.

Umuhimu wa mlinganyo huu haukomei kwenye ufupi wake. Iwapo mwalimu angetumia naitreti ya kalsiamu badala ya kloraidi, au floraidi ya potasiamu badala ya ile ya sodiamu, mlinganyo wa kawaida ungebadilika lakini mlinganyo halisi wa ayoni ungebaki ule ule. Hauulizi ayoni zilitoka katika chupa gani. Hueleza tu ni nani waliokutana na wakazaa nini. Kwa hiyo unafanya kazi vilevile ndani ya mwamba, mita mia mbili chini ya ardhi, ambako hakuna chupa wala mwalimu.

Kwa nini floraidi haitui

Mlinganyo huo ndio ufunguo wa tatizo la visima. Ayoni za kalsiamu zikiwa nyingi ndani ya maji, huzikamata ayoni za floraidi na kuzitua kama mango. Mango hiyo ni madini yale yale ya floraspa ambayo yalichimbwa kwa miongo kadhaa huko Kimwarer, katika bonde la Kerio, kabla ya uchimbaji kusimama katika miaka ya 2010. Kalsiamu ikiwa kidogo, floraidi hukosa wa kuikamata na hubaki ikielea.

Maji yaliyo ndani ya miamba ya volkeno ya Nairobi mara nyingi huwa ya aina hii ya pili. Kadiri yanavyokaa ardhini, kalsiamu yake hubadilishana nafasi na sodiamu iliyomo katika udongo na mawe. Maji hutoka yakiwa na sodiamu na baikaboneti nyingi lakini kalsiamu kidogo.

Hesabu rahisi inaonyesha tofauti. Wanakemia hutumia kipimo kiitwacho kizidisho cha umumunyifu. Kwa floraidi ya kalsiamu, wingi wa kalsiamu ukizidishwa kwa wingi wa floraidi mara mbili hauwezi kupita takriban 3.9 × 10⁻¹¹, vyote vikipimwa kwa moli kwa lita katika joto la kawaida. Ukipita hapo, mashapo huanza kutokea.

Kwa kipimo hicho, maji yenye miligramu 100 za kalsiamu kwa lita hayawezi kubeba floraidi zaidi ya miligramu 2.4 hivi kwa lita. Maji yenye miligramu 5 tu za kalsiamu yanaweza kubeba zaidi ya miligramu 10. Hali halisi ya maji ya ardhini huwa na mambo mengine yanayogeuza tarakimu hizo kidogo, lakini mwelekeo haubadiliki: kalsiamu ikipungua, mlango wa floraidi hufunguka.

Povu la sabuni si cheti

Hapa ndipo mazoea ya nyumbani yanaweza kumpotosha mtu. Akina mama wengi huyapima maji kwa sabuni. Maji yanayotoa povu upesi husifiwa kuwa ni mazuri, na yale yanayogandisha sabuni hulaumiwa.

Sabuni hugandishwa na kalsiamu na magnesiamu. Ayoni ya sabuni ikikutana na kalsiamu hutokea utando mweupe unaoshikamana na beseni:

Ca²⁺(aq) + 2C₁₇H₃₅COO⁻(aq) → (C₁₇H₃₅COO)₂Ca(s)

Maji ya namna hiyo huitwa maji magumu, na hupatikana kwa wingi katika visima vya Pwani ambako mwamba ni wa matumbawe. Huko birika hujaa ukoko mweupe kwa sababu baikaboneti ya kalsiamu huvunjika kwa joto na kuacha kaboneti:

Ca²⁺(aq) + 2HCO₃⁻(aq) → CaCO₃(s) + H₂O(l) + CO₂(g)

Maji yenye kalsiamu kidogo, kwa upande wake, hutoa povu vizuri. Lakini kama ilivyoelezwa, ukosefu wa kalsiamu ndio unaoiruhusu floraidi kuwa nyingi. Maji ya Ndakaini pia hutoa povu vizuri na yana floraidi kidogo, kwa sababu hayakupitia miamba hiyo. Kwa hiyo povu haliwezi kutofautisha maji ya mto na maji ya kisima chenye floraidi. Wala ladha na rangi haziwezi, kwa kuwa floraidi katika viwango hivyo haionekani na haionjeki.

Jambo jingine linalostahili kuangaliwa ni magadi. Familia nyingi hutia magadi katika maharagwe, githeri au mboga za kienyeji ili kuvilainisha upesi na kuokoa makaa. Magadi ya asili, ambayo nchini Kenya hutoka katika Ziwa Magadi, ni chumvi ya kaboneti na baikaboneti za sodiamu. Huweza pia kuwa na floraidi, kwa kuwa maziwa ya Bonde la Ufa yamesheheni madini hayo.

Isitoshe, kaboneti iliyo katika magadi huiondoa kalsiamu ndani ya maji:

Ca²⁺(aq) + CO₃²⁻(aq) → CaCO₃(s)

Kwa maneno mengine, magadi yanaweza kuongeza floraidi na wakati uo huo kupunguza kalsiamu ambayo ingeizuia.

Kuchemsha na dawa havitoshi

Kwa miaka mingi wakazi wa mitaa ya mabanda wamehimizwa kuchemsha maji ya kunywa au kuyatia dawa ya klorini. Ushauri huo ni sahihi na haufai kupuuzwa, kwa kuwa unawakinga dhidi ya kipindupindu, homa ya matumbo na maradhi ya kuhara. Lakini kazi yake ni kuua vijidudu. Ayoni ya floraidi haina uhai wa kuuawa.

Kuchemsha kunaweza hata kuongeza wingi wake. Sufuria yenye lita 5 za maji yaliyo na miligramu 3 za floraidi kwa lita ina jumla ya miligramu 15. Maji yakichemka hadi zikabaki lita 4, miligramu hizo 15 zingali mle ndani, na sasa ni miligramu 3.75 kwa kila lita. Mvuke umeondoka bila kuzichukua.

Vichujio vya kawaida vya mchanga, kitambaa au udongo navyo hunasa matope na vijidudu, wala si kitu kilichomumunyika. Ili kuiondoa floraidi, ni lazima kutafuta kitu kitakachoifanya itoke katika mmumunyo na kuwa sehemu ya mango. Hapo panarejea kwenye milinganyo.

Mtu anaweza kuuliza: kwa nini basi maji hayo yasitiwe chokaa tu ili kalsiamu iikamate floraidi? Hesabu iliyotajwa awali inatoa jibu. Ili floraidi ishuke hadi miligramu 1.5 kwa lita, kalsiamu ingehitaji kufikia karibu miligramu 250 kwa lita. Maji hayo yangekuwa magumu mno.

Nchini India ilibuniwa mbinu inayojulikana kwa jina la Nalgonda, ambayo hutumia chokaa pamoja na shabu. Shabu ndiyo dawa ambayo vituo vingi vya kusafisha maji hutumia kutuliza matope. Alumini iliyomo hugeuka kuwa mashapo mepesi kama pamba:

Al³⁺(aq) + 3HCO₃⁻(aq) → Al(OH)₃(s) + 3CO₂(g)

Mashapo hayo yanapotua huburura matope na, yakiwa mengi vya kutosha, huishika pia floraidi.

Mifupa iliyochomwa

Njia iliyopata umaarufu zaidi katika Afrika Mashariki ni ya mifupa ya ng'ombe. Nchini Tanzania imefanyiwa utafiti katika kituo cha Ngurdoto, mkoani Arusha. Nchini Kenya, Jimbo Katoliki la Nakuru ni miongoni mwa walioiendeleza tangu miaka ya 1990, kwa kutengeneza vichujio vya nyumbani na vya jamii.

Mifupa huchomwa katika tanuri lenye hewa kidogo hadi mafuta na nyama vyote viishe, kisha husagwa kuwa punje. Maji hupitishwa polepole katikati ya punje hizo. Sehemu kubwa ya mfupa ni madini ya fosfeti ya kalsiamu yenye ayoni za haidroksaidi, na ayoni hizo huachia floraidi nafasi yao:

Ca₁₀(PO₄)₆(OH)₂(s) + 2F⁻(aq) → Ca₁₀(PO₄)₆F₂(s) + 2OH⁻(aq)

Mango inayotokea humumunyika kwa shida zaidi kuliko ile ya mwanzo, ndiyo sababu floraidi hupenda kubaki humo. Punje zikishajaa hazina budi kubadilishwa, la sivyo maji yatapita kama yalivyoingia.

Mlinganyo huo unaeleza pia ugonjwa wenyewe. Jino na mfupa wa mtoto vimeundwa kwa madini yale yale. Mtoto anayekunywa maji yenye floraidi kwa miaka mingi huwa yeye mwenyewe ndiye kichujio, na kichujio hicho hakibadilishwi.

Alama zinazopotea mtihanini

Kwa watahiniwa wa KCSE, mada hii hujitokeza katika karatasi zote za Kemia na hasa ile ya tatu, 233/3, ya vitendo, ambayo ina alama 40. Humo mtahiniwa hupewa chumvi asiyoijua, akaitia vimiminika mbalimbali, akaandika alichokiona na kukisia ayoni zilizomo.

Mathalan, mmumunyo wa haidroksaidi ya sodiamu ukitiwa tone kwa tone na kutokea mashapo meupe yanayotoweka unapozidishwa, kuna uwezekano wa alumini, zinki au risasi. Amonia ikizidishwa huyamumunya ya zinki pekee. Iodaidi ya potasiamu ikitoa mashapo ya manjano, hiyo ni risasi:

Pb²⁺(aq) + 2I⁻(aq) → PbI₂(s)

Makosa yanayowapotezea wanafunzi alama katika milinganyo hii ni machache na yanaepukika. La kwanza ni kutenganisha ayoni za mashapo, na hivyo kufuta kila kitu hadi pasibaki mmenyuko wowote. La pili ni kusahau chaji au kuiandika pasipo pake. La tatu ni kuacha alama za hali, ilhali (s) ndiyo ushahidi kwamba mashapo yametokea. La nne ni kusawazisha atomu bila kukagua chaji. Anayeandika Ag⁺(aq) + Cl⁻(aq) → AgCl(s) amekamilisha kazi; anayeandika Al³⁺ + OH⁻ → Al(OH)₃(s) ana chaji mbili chanya zisizo na mwenyewe na anahitaji 3OH⁻.

Shule nyingi ndogo katika mitaa ya mabanda hazina maabara iliyo kamili, na wanafunzi wake huweza kufika kidato cha nne wakiwa wameona mashapo mara chache mno. Pengo hilo haliwezi kuzibwa kabisa na jikoni, lakini linaweza kupunguzwa.

Chokaa kidogo cha mjenzi kikikorogwa ndani ya maji na kuachwa kitue, maji angavu yanayobaki juu huwa na ayoni za kalsiamu. Yakimiminiwa maji ya magadi yaliyochujwa, wingu jeupe la kaboneti ya kalsiamu hutokea papo hapo. Mashapo hayo yakitiwa siki au ndimu hutoa mapovu na kutoweka:

CaCO₃(s) + 2H⁺(aq) → Ca²⁺(aq) + H₂O(l) + CO₂(g)

Ni jaribio la kufanywa mbele ya mwalimu, kwa uangalifu, kwa kuwa chokaa huunguza macho na ngozi. Siki na ndimu, kwa kuwa asidi zake ni dhaifu, zimeandikwa hapa kwa ufupi kama H⁺, ayoni inayofanya kazi.

Cha kufanya nyumbani

Kwa familia inayotegemea kisima, hatua ya kwanza ni kutaka kujua matokeo ya vipimo. Mwenye kisima anaweza kupeleka sampuli katika maabara inayotambuliwa, ikiwemo ya Mkemia Mkuu wa Serikali, na kuomba floraidi ipimwe kwa jina, kwani kipimo cha vijidudu peke yake hakitaionyesha. Wateja wana kila sababu ya kuuliza cheti hicho, kama wanavyouliza bei.

Iwapo floraidi imezidi, si lazima kisima kifungwe. Maji yake bado yanafaa kufulia, kuogea na kusafishia nyumba. Maji ya mfereji yanayopatikana kwa taabu, au ya mvua yaliyotegwa kwenye paa baada ya mvua ya kwanza kuosha mabati, yatengewe kunywa na kupikia, na yatibiwe dhidi ya vijidudu kama kawaida.

Wa kwanza kutengewa ni watoto walio chini ya umri wa miaka minane, kwa sababu meno yao ya kudumu bado yanaumbika. Mabaka yakishatokea hayarudi nyuma. Kwa mtoto wa miaka miwili au mitatu, hata hivyo, kubadilisha mtungi wa maji ya kunywa leo kunaweza kuleta tofauti itakayoonekana atakapoota meno ya ukubwani.